Neno la Muhula: "Mock", na Wanavyolisema Sanaiya



Kila muhula chama chetu huchagua neno moja la Kiingereza linalosumbua wafasiri, tukalichambua katika kurasa hizi. Muhula huu tumechagua "mock". Kwa macho ni neno jepesi, herufi nne na silabi moja tu. Ukifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili utakuta dhihaki, kejeli, beza, fanyia mzaha, yote yamepangwa mstari mmoja kama bidhaa dukani, mtu ajichagulie. Lakini aliyewahi kuchekwa mbele za watu anajua kwamba maneno hayo hayana uzito mmoja.

Tulilibeba neno letu hadi Industrial Area, eneo la viwanda la Doha ambalo wakazi wake huliita Sanaiya kwa jina lake la Kiarabu. Kwa Ijumaa kadhaa tulikaa na madereva, walinzi na mafundi wanaozungumza Kiswahili, tukawauliza: mtu akikufanyia hivi, wewe unasemaje? Majibu yao yalitupeleka kwenye hoja ya makala haya. Kiswahili, kabla ya kutoa neno, huuliza kama anayechekwa ana nafasi ya kurudisha. "Mock" haliulizi hivyo. Kwa mtu anayeishi kwa mkataba, tofauti hiyo inaweza kuamua kama malalamiko yake yatasikika au yataonekana ni mzaha tu.

Ndege, mtihani na maumivu

Tuanze na neno lenyewe. Waingereza walilipata kutoka Kifaransa katika karne ya 15, na Wafaransa mpaka leo husema "se moquer" wakiwa na maana ya kumcheka mtu. Katika Kiingereza neno hilo liliongeza maana ya kuiga. Kumfanyia mtu "mock" mara nyingi ni kumwigiza: kutembea anavyotembea, kusema anavyosema, huku umetia chumvi ili wengine wacheke. Ndiyo maana Wamarekani wana ndege waitwaye "mockingbird", anayeiga milio ya ndege wengine. Jina lake la kisayansi ni Mimus polyglottos, maana yake mwigaji mwenye ndimi nyingi. Ndege huyo hamdhihaki yeyote. Anaiga tu, lakini jina limembeba.

Kutokana na kuiga ikazaliwa maana ya kitu cha mfano, kisicho chenyewe. Hapo ndipo aliyesoma Kenya au Tanzania hukutana na neno hili kwa mara ya kwanza: mtihani wa "mock", unaofanywa kabla ya mtihani wa taifa. Tanzania huuita pia mtihani wa utamilifu. Fundi mmoja wa magari kutoka Morogoro alipotusikia tukilitaja neno letu alishtuka kidogo, akasema, "Wadogo zangu, mimi nilidhani mmekuja kunipa mtihani." Kwake "mock" lilikuwa karatasi na kalamu, wala halikuwa na kicheko ndani yake.

Kiswahili hakikuunganisha mambo haya mawili. Kuiga ni kuiga, kuigiza ni kuigiza, na kudhihaki ni jambo jingine kabisa. Mtoto anayemwiga baba yake husifiwa, na mwigizaji hupigiwa makofi. Ili tuseme kwamba kuiga kumegeuka kuwa ubaya, lazima tuongeze neno: anamwigiza kwa kumdhihaki. Mfasiri akiona "mock" asikimbilie neno moja kabla hajajua ni nini kilichofanyika.

Kwa nini Sanaiya

Wanachama wengine walituuliza kwa nini tusikae maktabani. Jibu ni kwamba Kiswahili cha Doha hakiko maktabani. Sanaiya iko kusini-magharibi mwa jiji, kando ya barabara ya Salwa, na mitaa yake mingi hujulikana kwa namba. Kuna gereji, maghala, viwanda, maduka ya vipuri, na mabweni ya wafanyakazi kutoka nchi nyingi. Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, mtaa wa 1 hadi wa 32 ilifungwa, na jina la eneo hili likasikika duniani.

Katika mabweni hayo chumba kimoja kinaweza kuwa na Kinepali, Kihindi, Kibengali, Kiamhari, Kiganda na Kiswahili. Kiingereza na Kiarabu cha kuungaunga ndivyo vinavyofunga mizigo na kufungua mageti. Katika lugha ya kuungaunga hata neno zuri hupata doa. Kote Ghuba, vibarua huitwa "rafiq" au "sadiq" na watu wasiojua majina yao. Sisi Waswahili tunayajua maneno haya vizuri, kwa kuwa tunayo rafiki na sadiki. Mlinzi mmoja kutoka Mombasa alituambia kwamba kuitwa rafiki na mtu asiyetaka kulijua jina lako kunaweza kukuuma kuliko tusi, kwa sababu tusi angalau unaweza kulilalamikia.

Maneno tuliyoletewa

Watanzania walianza na kudhihaki na kukejeli. Walizitofautisha hivi: kejeli iko zaidi mdomoni, katika maneno ya kumshusha mtu, na dhihaka inaweza kuwa hata kitendo, kama kumwigiza au kumvalisha kofia ya kuchekesha. Kubeza, walisema, ni kumwona mtu au kazi yake si kitu, na mtu anaweza kukubeza bila kucheka hata kidogo. Mzaha na masihara ni mepesi zaidi, lakini hayana usalama. Mzee mmoja alitukumbusha kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Wakenya walikuwa na neno lao: madharau. "Huyo ako na madharau" ni hukumu kamili na haihitaji maelezo. Halielezi alichofanya mtu, linaeleza moyo aliokuwa nao alipokifanya. Mganda mmoja alituletea okusekerera kutoka Kiganda, lenye shina linalofanana na la cheka katika Kiswahili. Dereva kutoka Bukavu akadakia kwamba kwao husema kuchekelea, kisha akacheka alipojua kwamba "mock" la Waingereza lilitoka katika "se moquer" aliyofundishwa shuleni kwao. Kumbe katika kibaraza kile yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mzizi wa neno letu.

Kulikuwa na maneno mawili ambayo hatukuyatarajia. La kwanza ni kusimanga. Kusimanga ni kumkumbusha mtu fadhila ulizomtendea ili ajione mdogo: mimi ndiye niliyekuleta hapa, mimi ndiye niliyekulipia tikiti. Wengi wa waliotutajia neno hili walikuwa wamekuja kwa mkono wa ndugu au wakala. Kiingereza hakina neno moja linalotosha hapo, na "mock" halifiki.

La pili ni kusanifu. Sisi tunaolipa ada ili tujifunze Kiswahili sanifu tulipaswa kulitazama neno hili kwa makini. Kusanifu ni kubuni na kutengeneza kwa ustadi, lakini mtaani kumsanifu mtu ni kumsifu kwa namna ya kumcheka. "Mzee, leo umependeza, unakwenda kuonana na waziri?" Aliyeambiwa hivyo alikuwa amevaa sare ya kazi yenye grisi. Sifa ni sifa, lakini kila aliyekuwepo alijua inakokwenda.

Kipimo cha "-ana"

Baada ya kuyakusanya maneno hayo tulirudi kwenye sarufi, na sarufi ikatusaidia kuliko tulivyotegemea. Chukua kitenzi tania. Kiongeze kiambishi cha kutendana, utapata taniana, neno linalosikika kila siku: tunataniana, walikuwa wakitaniana. Sasa chukua dhihaki. Dhihakiana linaweza kuundwa, lakini utalisikia mara ngapi? Kusimangana hutokea katika ugomvi, wala si katika urafiki. Kitenzi chetu cha asili cha mchezo huu ni kile kinachopenda kwenda na kurudi.

Nomino zinasema hivyo hivyo. Mtani wangu ananiita mimi pia mtani wake. Wote wawili tuna jina moja. Mdhihaki ni mmoja, na aliye upande wa pili ni mdhihakiwa.

Na utani si kucheka tu. Mwaka 1944 mtafiti R. E. Moreau alichapisha katika jarida la Africa makala kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika, na watafiti wengine wameliendeleza somo hilo tangu hapo. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Wazaramo na Wanyamwezi nao ni watani, na uhusiano wao huhusishwa na misafara iliyotoka bara kwenda pwani. Mtani ana ruhusa ya kusema ambayo mgeni hawezi kusema, lakini pia ana kazi. Katika jamii nyingi, msibani mtani huonekana akifanya vituko huku akibeba sehemu ya shughuli za mazishi. Anayekucheka ndiye anayekuzika. Ruhusa imelipiwa kwa wajibu.

Kwa hiyo utani una masharti matatu: pande zote mbili zinajua kuwa zinacheza, kila upande unaweza kurudisha, na kuna wajibu unaowaunganisha. Ondoa moja kati ya hayo, utani unageuka kuwa kitu kingine hata kama maneno ni yale yale.

Barua ya mlinzi

Kipimo hiki kilipata kazi mapema kuliko tulivyodhani. Mlinzi mmoja kutoka Kenya, ambaye hatutamtaja wala kutaja kampuni yake, alituomba tumsaidie kuandika malalamiko kwa Kiingereza. Analinda ghala. Kila lori likifika hutangaza kwa redio ya upepo, na katika matamshi yake r na l hupishana. Msimamizi wake, naye ni mgeni nchini kama yeye, hurudia neno hilo redioni kwa sauti ya kitoto, na walinzi wa mageti yote husikia. Jambo hili lilikuwa limeendelea kwa miezi. Mlinzi alifikia hatua ya kutangaza kwa maneno machache iwezekanavyo, na siku moja hakutangaza kabisa. Lori likakaa nje juani, na onyo la maandishi likamwangukia yeye.

Alipotusimulia alisema, "Ananifanyia mzaha." Tungefuata maneno yake moja kwa moja, barua ingesema kwamba msimamizi humfanyia mlinzi utani. Afisa angesoma, angetabasamu, na angeuliza kama mlinzi hajui kucheka na wenzake. Tulikaa tukajadiliana. Mmoja wetu alipendekeza "tease", lakini neno hilo hutumika pia kwa watoto na wapenzi. Mwingine alipendekeza "insult", ila hakuna tusi lililotamkwa. Ndipo tukamuuliza mlinzi swali la kiambishi chetu: "Kaka, mnataniana?"

Akatutazama kana kwamba tumeuliza jambo la ajabu. "Nitamtania vipi? Yeye ndiye anaandika zamu."

Jibu hilo lilimaliza mjadala. Tuliandika "mocks", na hatukuliacha neno peke yake. Tulieleza kitendo: hurudia maneno yangu kwa sauti iliyobadilishwa, kwenye redio ya kazi, wengine wakisikia, nami siwezi kujibu kwa sababu ya cheo chake. Tukaeleza na matokeo, kwamba matangazo ya usalama yamepungua kwa sababu ya aibu. Kaka yetu aliisoma barua mara mbili, akaomba tumsomee kwa Kiswahili, kisha akasema hivyo ndivyo alivyotaka kusema tangu mwanzo. Barua ilipokelewa. Hadi tunapoandika hajapata jibu la maandishi, lakini anasema redioni sasa lori ni lori.

Mtu anaweza kusema kwamba kuchekwa matamshi ni jambo dogo. Kwa anayeweza kuondoka, huenda ni dogo. Lakini kwa miaka mingi mfanyakazi nchini Qatar hakuweza kuhamia kazi nyingine bila kibali cha mwajiri wake. Sheria za mwaka 2020 ziliondoa sharti hilo, na Machi 2021 kulianza kutumika kima cha chini cha mshahara cha riali 1,000 kwa mwezi. Sheria hizo hazikutaja kicheko, lakini zinakigusa. Mtu mwenye pa kwenda anaweza kujibu, na mtu anayeweza kujibu ni vigumu kumdhihaki kila siku.

Kiswahili kilichozikwa

Kuna utani mmoja ambao Sanaiya nzima inaujua, na huenda nawe msomaji umeusikia. Husemwa kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania bara, kikafa Kenya, kikazikwa Uganda. Wengine huongeza kaburi jingine Kongo. Tuliusikia ukisimuliwa kibarazani kati ya watu wa nchi hizo zote, na tukaangalia nani anacheka na vipi.

Mkenya alijibu kwamba kilikufa Kenya kwa sababu ya kufanya kazi nyingi, kwani Tanzania kilikuwa kinapumzika tu. Mganda alisema Uganda hawakukizika, walikipanda, ndiyo maana katiba yao tangu 2005 inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Dereva wa Bukavu alisema kaburi la Kongo lina watu wengi wanaolizungumza kuliko maiti yoyote aliyowahi kuiona. Kila mmoja alirudisha. Hapo tuliona utani kamili, na ulitufurahisha.

Lakini utani huo huo ukisemwa na mwalimu kwa mwanafunzi mmoja wa Kampala mbele ya darasa la Dar es Salaam, unakuwa nini? Ukisemwa na mtu anayeajiri kwa mtu anayeomba kazi? Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930. Ilikuwa lazima waanzie mahali fulani. Lakini tangu hapo wapo wanaoitumia sanifu kuwasanifu wenzao.

Na sisi je?

Jambo hili linatuhusu sisi wenyewe. Wengi wetu katika chama hiki tumerithi Kiswahili nyumbani, tukakikuza mbali na kwao. Tunaelewa kila kitu jikoni, na ulimi hugoma sebuleni mbele ya wageni. Tumekuwa na shangazi waliorudia sentensi zetu kwa sauti ya kizungu, na binamu walioita ukumbi mzima uje usikie tunavyotamka "ng'ombe". Hawakuwa watu wabaya. Walidhani wanatutania. Ila hatukuwa na Kiswahili cha kuwarudishia, na hapo ndipo utani ulipovunjika. Tukanyamaza. Wapo ndugu zetu walionyamaza moja kwa moja, na leo husema hawajui Kiswahili, ingawa wanakielewa chote.

Kule Sanaiya pia walitucheka. Walisema tunaongea kama taarifa ya habari, na kwamba mmoja wetu akiomba chai utadhani anahutubia bunge. Tofauti ni kwamba walisubiri jibu. Tulipochelewa kujibu, yule fundi wa Morogoro alitufundisha la kumjibu yeye mwenyewe, tukamjibu nalo, naye akaanguka kwa kicheko. Alitupa silaha ya kumpigia. Hatukumbuki somo la sarufi lililotufungua midomo kama lile.

Jinsi ya kulitumia

Kwa hiyo, mwanachama, ukikutana na "mock" katika tafsiri yako, jiulize mambo matatu kabla ya kuandika.

Kwanza, ni kuiga au ni kudunisha? "Mock exam" ni mtihani wa majaribio au wa utamilifu, na "mock trial" ni kesi ya kuigiza. Hapo dhihaka haina nafasi.

Pili, kama ni kudunisha, kimefanyika kwa njia gani? Kwa maneno, tumia kukejeli au kukebehi. Kwa kumwigiza, sema amemwigiza kwa dhihaka. Kwa sifa za uongo, amemsanifu. Kwa kumkumbusha fadhila, amemsimanga. Kwa kumpuuza, amembeza. Kenya, madharau yatafika pote.

Tatu, je, inarudi? Ikiwa kila mmoja anamcheka mwenzake na hakuna aliyeumia, "they mock each other" ni wanataniana. Ikiwa inakwenda upande mmoja tu, usiandike utani hata kama mwenye kucheka anaapa kwamba alikuwa anatania. Na ukitafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, usimwamini sana mtu anayesema "ananifanyia mzaha". Mara nyingi aliyeumia huchagua neno dogo kwa heshima au kwa hofu. Muulize kama anaweza kurudisha.

Kuanzia muhula huu, katika mazungumzo yetu ya Jumatano tumekubaliana kanuni moja, nayo tunaiweka hapa ili walimu wetu pia waijue. Kucheka kunaruhusiwa, maana bila kicheko hakuna atakayekuja. Ila ukimcheka mtu kwa alivyosema, zamu inayofuata ni yake, na wewe utanyamaza mpaka amalize.